Laptopu Ambayo Haikuzimwa

Kama unasoma haya ukiwa ndani ya kibanda chako cha kutengeneza kompyuta na hujaona mteja tangu asubuhi, pole. Nimekalia kiti kama hicho miaka mingi, katika kichochoro kilicho nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, nikipangusa vumbi la saruji kwenye kibodi ambazo hakuna aliyekuwa akiziulizia. Mwaka jana nilifunga. Siku hizi barua za watu zinakaa mahali ambapo fundi hawezi kufika na bisibisi, na anayesahau nywila anatumiwa tarakimu kwa simu, anaendelea na maisha yake. Hanihitaji. Nimejitahidi kuyaita hayo maendeleo.

Kila fundi alikuwa na jambo lake. Yule wa kona alikuwa mtu wa skrini, jirani yake mtu wa chaja. Mimi nilikuwa mtu wa barua pepe zilizopotea. Wengi wenu mmezaliwa barua zikiwa kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Zamani kidogo, na hata leo kwa watu wachache wakaidi, barua zilishushwa kutoka kwenye mtandao zikawekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Programu iliyofanya kazi hiyo iliweka kila kitu chako katika folda moja iitwayo profaili: barua, anwani, nywila, hata ukubwa wa maandishi unaoupenda. Umeme ukikatika wakati programu inaandika kitu humo, profaili huharibika. Kesho yake unaifungua programu nayo inakukaribisha kwa furaha, kana kwamba hamjawahi kuonana. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya ukurasa ule wa makaribisho. Mara nyingi barua ziko palepale. Programu ndiyo imesahau njia ya kuzifikia.

Aliyenifundisha haya alikuwa fundi wa redio kutoka Machakos, tuliyemwita Injinia. Nilifika kwake na shahada ya historia na viatu vya kazi ya ofisi ambayo sikuipata. Alikisoma cheti changu mbele, akakigeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akanirudishia.

"Sawa," akasema. "Hapa pia tunashughulika na mambo ya kale. Shika brashi, pangusa hiyo feni."

Injinia alikuwa na amri moja: nakili kwanza, ushujaa baadaye. Usiguse profaili iliyoharibika kabla hujaitolea nakala mahali pengine. Ukishanakili, fungua profaili mpya, tupu, kisha hamisha vitu kutoka ile ya zamani kimoja kimoja, kama mtu anayehamia nyumba mpya na hataki kubeba kunguni. Barua kwanza. Anwani. Nywila mwisho.

Kuhusu nywila, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipochekwa. Nywila zinakaa katika faili mbili. Moja ina nywila zenyewe, zimefungwa zisisomeke. Ya pili ina ufunguo wa kuzifungua. Katika wiki zangu za mwanzo nilimhamishia mama mmoja muuza chakula cha kuku ile faili ya kwanza tu, nikamwita kwa fahari aje achukue mashine yake. Hakuna kilichofunguka. Injinia alinitazama akatikisa kichwa. "Umemletea sanduku, profesa. Ufunguo umeuacha kwa nyumba iliyoungua." Kuanzia siku ile kichochoro kizima kiliniita Profesa, na haikuwa sifa.

Na jingine: barua iliyofutwa huwa haijaondoka. Inabaki ndani ya faili mpaka programu ipewe amri ya kubana nafasi. Kwa hiyo ukiwa na haraka ya kujisifu, unaweza kurudisha hata zile ambazo mwenyewe alizifuta makusudi. Nilimfanyia hivyo mfanyabiashara mmoja wa Athi River huku mkewe amesimama nyuma yangu akisoma kwa sauti. Rudisha, lakini uliza kwanza.

Sasa niwaambie kuhusu Mwalimu Koinet, kwa sababu kila nikikumbuka kazi ile yote, ni yeye ninayemkumbuka.

Alikuja mwezi wa Julai, ule wa baridi na mawingu, akiwa amevaa koti kubwa la mvua, laptopu ameifunga kwa sweta. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mmaasai, anakaa ndani kidogo kutoka Oltepesi kwenye barabara ya Magadi. Kiserian ni karibu naye kuliko Kitengela, na huko alikuwa ameshaenda.

"Supa, fundi."

"Ipa, Mwalimu." Maa yangu, lugha ya Wamaasai, inaishia hapo, na nilitumaini hatajua.

"Kiserian wamesema inafutwa yote, inaanza upya. Mimi nikawaambia hapana. Wakaniambia kuna mtu Kitengela hana kazi nyingi, anaweza kuwa na subira."

"Wamenieleza vizuri," nikasema.

Alifungua sweta. Laptopu ilikuwa ya zamani lakini safi, na betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Ukichomoa waya, inazimika hapohapo. Alinisimulia kwa sauti ile ya darasani, taratibu, kila kitu kwa mpangilio wake. Kijana wake alikuwa akifanya kazi Uarabuni, na ndiye aliyemnunulia laptopu, akamfungulia sanduku la barua, akampangia programu. Bomani kwake mtandao haufiki. Hata kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, ilimlazimu kupanda kilima ili apige simu. Kwa hiyo kila alipokwenda Kiserian alibeba laptopu, akaichomeka kwenye duka la mtandao, akashusha barua za kijana, akarudi kuzisoma nyumbani kwa umeme wa sola. Kijana aliandika sana. Baba alijibu sana.

Kisha kijana akafariki hukohuko. Mwalimu hakutumia neno hilo. Alisema, "Kisha hizo barua zikaisha."

"Pole sana, Mwalimu."

"Ashe." Akanishukuru kwa lugha yake. "Lakini hazijaisha kabisa. Siku mbili kabla ya hiyo habari alinipigia. Akasema, Papa, nimekuandikia, kuna na picha, utasoma ukienda Kiserian. Sikuwa nimeenda. Halafu sikuenda."

Barua ile basi ilikuwa bado juu kwenye mtandao, ndani ya sanduku, haijashushwa. Nilisoma masharti ya wenye sanduku. Yalisema kwamba sanduku lisilofunguliwa mwaka mzima hufutwa na vyote vilivyomo. Tukahesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa kalenda ya ukutani, na tukafika mahali pamoja: mwaka ulikuwa karibu kutimia. Kubadilisha nywila hakukuwezekana, kwa sababu tarakimu za kuthibitisha zilikuwa zinatumwa kwa namba ya kijana mwenyewe. Njia moja tu ilibaki, nayo ilikuwa nywila iliyohifadhiwa ndani ya profaili, na profaili ilikuwa imeharibika.

"Iliharibikaje?" nikamwuliza.

"Sola. Jua lilikosa hii wiki yote. Ikazima yenyewe."

"Programu ikiwa wazi?"

"Ilikuwa wazi. Sijawahi kuizima tangu hiyo siku habari ilikuja."

"Tangu mwaka jana?"

"Tangu mwaka jana."

Hapo nilifanya jambo ambalo wasomi hulifanya wakiwa hawajaelewa. Nilitoa mhadhara. Nilimweleza mtu aliyefundisha miaka thelathini umuhimu wa kufunga programu kabla ya kuzima, madhara ya kuacha faili wazi, na gharama kwa betri ya sola. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto anayekosea jibu kwa kujiamini sana.

Nilinakili kwanza. Nikafungua profaili mpya. Barua zilikuja zote, mstari kwa mstari, mbili tatu kwa kila wiki, na Mwalimu akaweka mkono mdomoni alipoona orodha imejaa tena. Nikahamisha zile faili mbili za nywila, pamoja, kama nilivyofundishwa kwa kuchekwa. Programu ikatokeza kisanduku katikati ya skrini: andika nywila kuu. Hii ndiyo nywila ya kulinda nywila zote nyingine. Bila hiyo, ufunguo haugeuki.

"Mwalimu, kijana aliweka paswadi moja kubwa juu ya zote. Unaijua?"

"Naijua. Ni mimi nilichagua."

"Vizuri sana! Nitajie."

Akakitazama kile kisanduku.

"Au uandike hapa kwa karatasi."

Alisogeza karatasi kando, akainua miwani yake, akaivaa tena. "Fundi, naijua. Lakini sitaji."

Nilidhani haniamini. Nikajitetea: mimi ni mtu mzima, nimeshika siri za nusu ya Kitengela, nywila ya mtu kwangu ni kama... Sikumaliza, kwa sababu alikuwa amekwisha kusimama, anafunga koti.

"Wacha nikunywe chai," akasema, akatoka.

Hoteli ya jirani ilikuwa ya Mama Nduku, mama wa Kitui aliyenilisha chapati miaka yote hiyo na kunitukana bila kulipisha. Alikaa Kajiado mjini miaka mingi kabla ya kuja huku. Mwalimu alipokuwa akinywa chai kwa nje, akitazama ng'ombe wakipita katikati ya malori, mimi niliingia kwa mlango wa nyuma kulalamika.

"Mzee yule ana paswadi, anaijua, hataki kusema. Ananiona mwizi."

"Amefiwa?"

"Na kijana wake."

Mama Nduku aliacha kusukuma chapati. "Na paswadi ni nini? Si watu wote wanaweka jina la mtoto?"

"Huenda."

"Wewe Profesa, ulisoma nini huko chuo kikuu? Hao Wamaasai wakipoteza mtu, jina lake hawalitaji tena. Wenye kushika mila, hawalitaji kabisa. Jirani yangu kule Kajiado tulimwita mama wa fulani. Mtoto akaondoka, kesho yake akaitwa kwa jina la mtoto mwingine, na ole wako usahau. Na wewe umekaa hapo unamwambia, nitajie, nitajie."

Nilirudi kibandani. Ile orodha ya barua ilikuwa bado wazi, na jina la mwandishi lilikuwa kwenye kila mstari, kutoka juu hadi chini. Ndipo nikaelewa kuhusu laptopu isiyozimwa. Siku habari ilipokuja, programu ilikuwa wazi mezani. Kama angeifunga, siku ya kuifungua ingemwuliza jina. Kwa hiyo hakuifunga. Aliiacha ikiwaka mchana na usiku, akiilisha jua, asiweze kuipeleka Kiserian kwa sababu betri ilikuwa imekufa na ikichomolewa ingezimika. Barua ya mwisho ilikuwa kwenye mtandao, mashine ya kuishusha ilikuwa mezani kwake inangoja, na katikati yao kulikuwa na neno moja ambalo alikuwa analijua. Alikaa nayo hivyo karibu mwaka.

Mwalimu aliporudi nilikuwa nimekwisha kufuta mhadhara wangu kichwani.

"Mwalimu," nikasema, "nikiandika mimi, si wewe, kuna ubaya?"

Alivuta kiti, akakaa. "Wewe ni wa wapi?"

"Murang'a."

"Na kwenu mnafanya aje na jina la mtu ambaye ameenda?"

"Kwetu jina haliruhusiwi kuondoka. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake. Babu akiwa ameshakufa, jina linaitwa kila siku. Linaambiwa lioge, linatumwa dukani."

Alicheka kwa mara ya kwanza. "Babu anatumwa dukani!"

"Na akichelewa anachapwa."

"Haki nyinyi watu." Akapangusa macho. "Kwa hivyo wewe unaitwa babu yako."

"Ndiyo."

"Na baba yako, nani anaitwa yeye?"

Swali lilikuwa la kawaida. Aliliuliza kama mtu anavyouliza bei ya sukari. Lakini mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee kwetu, na suala la kuoa nililiahirisha mpaka nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa bado akiningoja. Baba yangu alikufa akinitazama kwa namna ya mtu aliyepanga foleni akisubiri jina lake liitwe.

"Bado," nikasema.

Akaangalia mvi zangu, akaliacha neno hilo hapo. Kisha akageuza kiti chake kikaelekea mlangoni.

"Andika, ero," akasema. Aliniita kijana, mimi na mvi zangu.

Nikaandika lile jina la kwenye orodha. Kwenye kisanduku kile herufi hazionekani. Kila unayoibonyeza inageuka nukta nyeusi. Ilifunguka. Kisha mtandao wetu wa Kitengela ukafanya ulivyozoea, ukazunguka, ukazunguka. Mwalimu hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayesubiri kuitwa mbele. Halafu barua ikashuka. Zilishuka pia takataka nyingi, watu wa kuuza dawa za upara na bahati nasibu, lakini katikati yao ilikuwepo, na alama ya picha pembeni yake.

Nilimwita, nikatoka nje. Wewe fundi unayesoma, hii nayo ni sehemu ya kazi: mtu akipata alichokuwa akikitafuta, wewe una shughuli nje. Nilisimama kwenye vumbi nikijifanya natafuta mtu kwa simu.

Baada ya muda nikasikia kicheko, kikakatika, kikaanza tena.

"Fundi! Kuja uone huyu mjinga!"

Ilikuwa picha ya kijana mrefu aliyevaa ovaroli, amemkumbatia mbuzi mwenye masikio yanayofika magotini. Chini yake ameandika: Papa, mbuzi wa huku wana masikio mengi lakini hawasikii kama wale wako. Basi. Mistari mingine ilikuwa ya joto, ya chakula, na kuuliza kama mvua imenyesha. Hakukuwa na wosia wala buriani. Alikuwa anaandika kama mtu ambaye ataandika tena wiki ijayo.

Nilimwachia muda akae nayo. Kisha ikabaki amri yangu mwenyewe, ambayo Injinia hakunifundisha: usimpe mtu mashine kabla hujaizima na kuiwasha mbele yake. Nikamweleza kwamba naweza kuiondoa ile nywila kuu, au niweke neno jingine, mvua, ng'ombe, chochote. Haitamwuliza tena.

"Na hiyo neno ikiandikwa, inaonekana mahali?"

"Haionekani. Ni nukta tu."

"Hata mtu akisimama nyuma yangu?"

"Hata mimi nilipoandika sikuiona."

"Basi wacha ikae."

"Itakuuliza kila ukifungua, Mwalimu."

"Nimesikia."

Nikazima. Nikawasha. Kisanduku kikatokea. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuandika alipoushika, akausogeza kando bila ukali, akavuta laptopu kwake. Aliandika kwa kidole kimoja, midomo imefungwa kabisa, herufi moja, anatulia, herufi nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nukta zikajipanga. Mimi nilitazama ukuta. Niliposikia programu ikifunguka nilijifanya nimeshangazwa na kalenda.

Alipokuwa akiifunga laptopu kwa sweta aliniomba anwani yangu ya barua pepe.

"Ya nini, Mwalimu? Ikiharibika utakuja tu."

"Programu ni ya kuandika. Sasa nitaandikia nani?"

Huniandikia hadi leo, akienda Kiserian. Mistari minne, mitano: mvua, mbuzi, goti. Anasahihisha Kiswahili changu. Wiki nyingi haji mjini, na wiki hizo sanduku langu linakuwa na watu wa dawa za upara tu.

Nimebaki na jambo moja la kuwafundisha. Wateja nimewaambia maisha yangu yote: usitumie jina la mtu wako kama nywila, ndilo la kwanza wezi watakalolijaribu. Hakuna aliyesikia, na hata mimi sikusikia. Kila asubuhi hapa nyumbani, kabla sijaweka chai, programu yangu inanitolea kile kisanduku, nami naandika jina la baba yangu, lote, taratibu. Ni mahali pekee duniani ambapo bado linaitwa. Ningekutajia, kwetu haikatazwi, kwetu ndiyo desturi. Lakini ni nywila, na mimi ni fundi.